Usikivu wa Mwanafunzi wa Kijijini na Rai Zinazogongana Juu Yake

Asili ya mkanganyiko

Mintarafu ya watoto wa shule za vijijini wasiosikia vema, watu wetu wamegawanyika mafungu, na kila fungu lina yakini kwamba dawa iko mkononi mwake. Wako wasemao kwamba uziwi ni jambo la kudura, na kwamba lililobaki ni kumpeleka mtoto katika shule ya viziwi na kumwombea heri. Wako wasemao kwamba chanjo zimekwisha kuenea, na kwa hiyo jambo lenyewe linajimaliza polepole. Wako waliosikia habari za simu za mkononi zinazoweza kupima usikivu kwa dakika chache, wakadhani kwamba mtoto akishapimwa amekwisha kuponywa. Na wako wanaoona kwamba kila swali la sikio ni swali la shime sikio, yaani kile kifaa kidogo cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, wakasema laiti vingalinunuliwa vya kutosha, kazi ingalikuwa imekwisha. Mzazi aliye kijijini, anapofikiwa na maneno haya yote kwa pamoja, moja kutoka redioni, jingine kutoka zahanati, la tatu kutoka kwa mwalimu mkuu, hana njia ya kujua lipi linamhusu mwanawe na lipi halimhusu.

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko huu ni kwamba hali tatu zilizo mbalimbali zimefungwa katika mtumba mmoja. Iko hali ya mtoto aliye kiziwi kabisa, ambaye maneno hayamfikii hata akipigiwa ukelele. Iko hali ya mtoto mwenye usikivu hafifu wa kudumu, ambaye sikio lake la ndani limedhurika kiasi, akasikia nusu ya usemi na kuikosa nusu. Na iko hali ya mtoto ambaye sikio lake la ndani ni zima, ila sauti inazuiliwa njiani na usaha, au maji, au tundu katika kiwambo cha sikio, au nta iliyogandamana. Hawa wa tatu ndio walio wengi katika shule za vijijini, ndio wanaotibika kwa gharama ndogo, na ndio wasiotajwa katika mabishano yetu, kwa kuwa wamekaa madarasani pamoja na wenzao, wanaitika jina linapoitwa kwa sauti kubwa, na hakuna anayewahesabu. Makala haya yatazipima rai zinazoshindana kwa kuzirejeza kila mara kwenye hali hizi tatu, kwa sababu rai iliyo njema kwa mtoto mmoja yaweza kuwa hasara ya wakati kwa mwingine.

Sikio na yanayolidhuru

Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba watoto wapatao milioni 34 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiasi cha kuwatatiza katika maisha. Katika kila watoto 100 walio na upungufu wa usikivu, kama 60 wameupata kwa sababu ambazo zingaliweza kuzuiliwa. Na hesabu hiyo, ambayo katika nchi tajiri ni kama 49, katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupanda ikafika 75. Tofauti hiyo haikuletwa na nasaba za watu wala na hali ya hewa ya nchi. Imeletwa na umbali wa zahanati, uchache wa maji safi, upungufu wa chakula na nyumba ambamo watoto wanne hulala chumba kimoja karibu na moshi wa kuni.

Sababu zenyewe huanza kabla ya kuzaliwa. Rubela, maradhi ambayo kwa mama huenda yakapita kama homa ndogo na vipele, yakimshika katika miezi ya kwanza ya ujauzito humwachia mtoto uziwi, na mara nyingine mtoto wa jicho na kasoro za moyo. Wakati wa uzazi, mtoto aliyechelewa kuvuta pumzi, au aliyepatwa na manjano kali isiyotibiwa, aweza kudhurika sikio la ndani asijulikane mpaka umri wa kusema ufike na maneno yasitoke. Baada ya hapo kuna homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, na malaria kali iliyopanda kichwani. Aidha zipo dawa ambazo huokoa maisha na huku zikilidhuru sikio: streptomaisini na jentamaisini ni mashuhuri kwa jambo hilo, na kwinini, iliyotumika miaka mingi katika hospitali zetu, huleta mvumo masikioni na uziwi ambao aghalabu huondoka dawa inapokwisha. Tabibu anayemdunga mtoto mchanga jentamaisini kwa ajili ya vijidudu vilivyoingia katika damu hafanyi kosa, maana bila sindano hiyo pengine mtoto hangeishi. Lililo juu yake ni kuangalia kiasi na muda, na kumwambia mama kwamba usikivu wa mtoto huyu utazamwe.

Lakini sababu iliyo kubwa kwa hesabu ya watoto wa shule ni usaha wa sikio la kati, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu. Mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua, katika mtoto mdogo, ni mfupi na umelala, hata anaposhikwa na mafua, vijidudu hupanda kwa wepesi kuliko kwa mtu mzima. Sikio hujaa usaha, mtoto akalia usiku kucha, kisha kiwambo kikapasuka, usaha ukatoka na maumivu yakatulia. Hapo ndipo balaa huanza, kwa kuwa mzazi huona maumivu yamekwisha, akadhani maradhi nayo yamekwisha, na sikio linalochuruzika likazoeleka nyumbani kama kamasi ya utotoni. Usaha ukidumu zaidi ya majuma mawili na tundu lisizibe, matabibu huyahesabu maradhi kuwa sugu, na sikio hilo laweza kutoa maji na kukauka, likatoa tena na kukauka tena, kwa miaka yote ya shule ya msingi. Katika masikio machache usaha hula mfupa, ukafika kwenye utando wa ubongo, na mtoto akafa kwa maradhi yaliyoanza na mafua.

Kwamba jambo hili ni la vijijini zaidi kuliko mijini si dhana tupu. Uchunguzi wa wanafunzi wa shule za msingi katika mkoa wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1996, ulikuta usaha sugu kwa watoto zaidi ya 9 katika kila 100 wa shule za mashamba, ilhali kwa wale wa mjini ulikuwa kwa mmoja na kitu tu. Mkoa ni ule ule, na mwendo wa saa chache kwa gari ndio uliowatenga. Nchini Kenya, watoto zaidi ya 5,000 wa shule za msingi za wilaya ya Kiambu walichunguzwa mwaka 1992, wakaonekana kama 5 au 6 katika 100 kuwa na upungufu wa usikivu katika sikio moja au yote mawili, na kama 2 katika 100 katika yote mawili. Kwa kadiri hiyo, darasa la watoto 80 halikosi watoto wanne wa namna hii, na mwalimu aghalabu hamjui hata mmoja.

Hasara isiyoonekana darasani

Ili kuelewa mtoto huyu hupoteza nini, yafaa kutazama safari ya sauti. Mtu anayezungumza kwa utulivu, ukiwa mbali naye mita moja, sauti yake ina nguvu kadiri ya desibeli 60. Na mahali pa wazi, kila umbali unapozidi maradufu, nguvu hiyo hupungua kama desibeli 6. Basi mtoto wa dawati la nyuma, aliye mita nane kutoka ubaoni, hufikiwa na kama desibeli 42. Mwenye masikio mazima hutosheka nazo. Aliyepungukiwa desibeli 35 hubakiwa na saba, nazo huzama katika kelele za daftari, viti, minong'ono na darasa la jirani. Ni kweli kwamba kuta za darasa hurudisha sehemu ya sauti, lakini mwangwi wa chumba kisicho na dari huivuruga kuliko kuikuza; na mvua inapopiga mabati, hata wenye masikio mazima hufunga vitabu wakangoja.

Mwaka 2016, wakati serikali ya Tanzania ilipoondoa ada na michango katika elimumsingi, watoto waliokuwa wamebaki majumbani walimiminika shuleni, na hilo lilikuwa jambo la haki na la kupongezwa. Walakini madarasa hayakukua kwa kasi ya watoto, na kila safu ya madawati iliyoongezwa nyuma ilimsogeza mtoto wa usikivu hafifu mbali zaidi na midomo ya mwalimu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimsaidia kukisia yale asiyoyasikia.

Kiswahili chenyewe huzidisha taabu yake kwa namna isiyofikiriwa. Nafsi, wakati na ukanusho, mambo yanayoamua maana ya sentensi nzima, hukaa katika silabi fupi mwanzoni mwa kitenzi, na mkazo wa sauti huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto mwenye usikivu hafifu husikia mkia wa neno na kukosa kichwa chake: ajua kwamba habari ni ya kuandika, lakini hajui ni nani ataandika, wala kama ameambiwa aandike au asiandike. Katika maeneo ambayo mtoto huja shuleni akiwa na Kisukuma, Kigogo au Kimaasai, mwalimu hudhani kwamba lugha ndiyo iliyomshinda, akangoja mwaka wa kwanza, akangoja na wa pili, na kosa la sikio likajificha nyuma ya kisingizio cha ulimi.

Tena liko daraja moja la hatari ambalo wachache hulitaja. Mtoto aliyefaulu kujikokota mpaka mwisho wa shule ya msingi kwa kukisia, kwa sababu Kiswahili amekijua na pengo moja katika sentensi aweza kulijaza kwa akili yake, huingia sekondari akafundishwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua kiasi cha kuijazia mapengo. Mwalimu wa hesabu aliyemsifu jana hukuta leo mwanafunzi bubu. Wenzake wote wametatizika na lugha hiyo, na kwa hiyo anguko lake halishangazi mtu. Wao baada ya mwaka huinuka, naye hubaki pale pale, mpaka siku atakapoacha shule na kuandikwa katika hesabu ya watoro.

Fauka ya hayo, iko adhabu. Mtoto asiyeitika huhesabiwa kuwa mkaidi, na mkaidi hupigwa. Na kofi la sikio, ambalo baadhi ya wakubwa hulichukulia kuwa adhabu nyepesi kuliko fimbo, laweza kupasua kiwambo cha sikio lililo zima. Ni msiba kwamba katika jambo hili adhabu ya kutosikia yaweza kuzaa kutosikia kulikokuwa hakupo.

Rai ya wanaotanguliza kinga

Wenye rai hii wana hoja iliyo thabiti. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2014, inafunga mlango mkubwa wa uziwi wa kuzaliwa nao. Chanjo ya nimonia ya mwaka 2013, pamoja na ile chanjo ya mchanganyiko iliyotangulia mwaka 2009, zinapunguza homa ya uti wa mgongo na baadhi ya maradhi ya masikio. Ukiongeza uzazi salama, kila shilingi iliyotumika huleta faida zaidi ya moja, kwa maana chanjo hailindi sikio peke yake.

Udhaifu wa rai hii umo katika wakati. Kinga humfaa mtoto ambaye hajazaliwa, wala haimnyanyui aliyekwisha kukaa dawati la nyuma. Aidha hakuna chanjo ya nyumba finyu, wala ya moshi, wala ya maji machafu, na usaha sugu hutokana na hayo kuliko na kirusi kimoja kinachojulikana kwa jina. Mtu anayesema kwamba chanjo zitalimaliza jambo hili asema kweli kwa sehemu ya uziwi mzito, na anakosea kwa sehemu kubwa ya usikivu hafifu.

Rai ya wanaotaka kila mtoto apimwe

Zamani kupima usikivu kulihitaji chumba kisichopenya sauti na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, na vyote viwili havipatikani kijijini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi za kipato cha chini, 93 katika kila 100 hazina hata mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja, na 78 katika 100 hazina hata daktari mmoja wa masikio, pua na koo kwa idadi hiyo ya watu. Sasa simu ya mkononi yenye visikizi vilivyosanifiwa, kama ile iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pretoria, yaweza kutoa milio ya kiasi kinachojulikana, ikapima na kelele za chumba kwa wakati huo huo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akafundishwa kuitumia bila kusomea udaktari. Hakuna mwenye insafu atakayeidharau hatua hii, maana jambo lisilopimwa halihesabiwi, na lisilohesabiwa halitengewi fungu katika bajeti ya halmashauri.

Lakini tuichukue wilaya yenye wanafunzi 50,000, tukakadiria kwa hesabu ya Kiambu kwamba 5 katika 100 wataonekana kuwa na kasoro. Hao ni watoto 2,500. Waende wapi? Ikiwa hospitali yenye daktari wa masikio ni ya rufaa, kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, nauli ya mzazi na mtoto, pamoja na siku za shamba zilizopotea, ni mzigo ambao jamaa nyingi haziuwezi, na karatasi ya rufaa hukunjwa ikawekwa sandukuni. Na katika hao 2,500 wamo wengi ambao hawakuhitaji safari hiyo: wengine wana nta tu, wengine wana mafua ya juma lile, wengine walipimwa wakati wenzao wakicheza mpira nje ya dirisha. Kupima kusikofuatwa na tiba humwachia mzazi hofu mpya na uwezo ule ule wa zamani. Tena hupunguza imani yake, hata siku tiba itakapokuja kweli, hataitika.

Kwa hiyo kasoro ya rai hii haimo katika upimaji wenyewe. Imo katika kuutenga na zahanati. Mhudumu anayepima na ambaye pia ana mwanga wa kutazamia sikio, ajua kuondoa nta, na ana matone mfukoni, hupunguza wale 2,500 wakabaki sehemu ndogo iliyo na haja ya kweli ya kwenda hospitali.

Rai ya vifaa

Shime sikio kwa mtoto anayestahili ni neema isiyo na shaka, na ni aibu ya ulimwengu kwamba duniani kote ni kama 17 tu katika kila 100 ya wanaovihitaji vifaa hivi wanaovitumia. Wenye rai hii husema kwa haki kwamba mtoto wa mjini aliyepewa kifaa husoma na kufaulu, na hakuna sababu ya mtoto wa kijijini kunyimwa.

Hata hivyo kifaa hiki hakifanani na nguo, ambayo ukishagawa umegawa. Kinahitaji kipande cha kuingia sikioni kilichochongwa kwa umbo la sikio la mtoto huyo mwenyewe, na sikio la mtoto hukua, hata kipande cha mwaka huu hakimtoshi mwaka ujao. Kinahitaji betri ambazo hudumu juma moja au mawili. Kinahitaji mtu wa kukirekebisha, kwa kuwa kukuza sauti zote sawasawa humletea mtoto kelele badala ya maneno. Kijijini Otse, nchini Botswana, mradi wa Solar Ear uliwaajiri viziwi wenyewe kutengeneza vyombo vya kuchaji betri kwa jua, na huo ni mfano unaostahili kuigwa. Lakini chaji ya jua hutatua jambo la betri tu.

Na liko jambo zito kuliko yote hayo: sikio linalotoka usaha halivai kifaa kwa salama. Kipande cha sikioni huzuia hewa, unyevu ukazidi, na usaha ukaongezeka. Mtoto mwenye maradhi yaliyo mengi zaidi vijijini ndiye hasa asiyefaa kupewa kifaa kabla ya kutibiwa, na akishatibiwa, mara nyingi hakihitaji tena. Halmashauri inayonunua vifaa kabla ya matone imeanza kazi kwa upande wa mwisho.

Mintarafu ya upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, ambao hospitali ya Muhimbili iliuanza mwaka 2017 na kupunguza safari za kwenda India, yatosha kusema kwamba ni ufundi wa kujivunia, unaofaa kwa mtoto mdogo aliyegunduliwa mapema na ambaye jamaa zake waweza kuhudhuria mafunzo ya usemi kwa miaka. Kwa umbali wa vijiji vingi, masharti hayo kwa sasa hutimia kwa nadra.

Rai ya lugha ya alama

Mtoto aliye kiziwi kabisa ana haja nyingine, nayo ni lugha. Wazazi wake aghalabu husikia, wala hawajui alama hata moja. Na kama hakuna anayesema naye kwa mikono, hufika umri wa shule akiwa na ishara chache za nyumbani za kuomba maji na kuonyesha maumivu, hana jina la jana wala la kesho. Ubongo wa mtoto hupokea lugha ya kwanza kwa wepesi katika miaka ya mwanzo, na mlango huo hauachwi wazi daima. Lugha ya Alama ya Tanzania, kama zilivyo lugha za alama za mataifa mengine, ina sarufi yake na yaweza kubeba hesabu, dini, sheria na mzaha; mtoto anayeipata mapema ana msingi wa kujifunzia Kiswahili cha kuandika.

Historia ya rai hii ni ya mateso. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880 uliamua kwamba watoto wafundishwe kwa kusoma midomo na kutamka, na uamuzi huo uliitawala elimu ya viziwi kwa karne nzima, hata shule za kwanza za kwetu, Tabora iliyofunguliwa mwaka 1963 na nyingine baada yake, zilirithi mwelekeo huo. Watoto walikatazwa kutumia mikono darasani, wakazungumza kwa siri katika mabweni, na katika mabweni hayo ndimo lugha ilimokua. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka huo huo; vyama vya viziwi, CHAVITA kikiwa mbele kwa upande wa Tanzania, ndivyo vilivyodai haki hizo kwa ustahimilivu mkubwa.

Hitilafu iliyobaki ni juu ya mahali. Shule ya bweni ya viziwi humpa mtoto wenzake, walimu wa lugha yake na vielelezo vya watu wazima waliofanikiwa. Lakini humtoa nyumbani akiwa mdogo, na arudipo likizoni hukuta mama asiyeweza kumwuliza ameshindaje. Kitengo cha viziwi ndani ya shule ya kawaida, kwa mujibu wa siasa ya elimu jumuishi, humlaza kwao, lakini husimama juu ya mwalimu mmoja au wawili waliosomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi, na mwalimu huyo akihamishwa, kitengo hubaki jina. Kumweka mtoto kiziwi peke yake katika darasa la watoto 80 pasipo mkalimani, na kuliita jambo hilo ujumuishi, ni kumdhulumu kwa jina zuri. Ukipima, bweni zuri lina heri kuliko kitengo kisicho na mwalimu, na kitengo chenye walimu wawili wa kudumu, ambacho pia huwafundisha wazazi alama siku za Jumamosi, kina heri kuliko bweni la mbali.

Mizani

Tukizirejesha rai zote kwenye zile hali tatu, ugomvi mwingi hupungua. Wenye chanjo wanamsemea mtoto ajaye, wenye vifaa wanamsemea mwenye usikivu hafifu wa kudumu, wenye alama wanamsemea kiziwi, na wapimaji wanatafuta kuwatenganisha wote. Mtoto mwenye usaha hana msemaji. Hana chama, kwa kuwa hajihesabu kiziwi. Hana mtaalamu, kwa kuwa maradhi yake ni ya kawaida mno. Na zahanati humwona kwa dakika mbili, ikampa vidonge, ikamwambia arudi.

Na tiba yake inajulikana. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kiambu, watoto 524 wenye usaha sugu, kutoka shule 145, waligawanywa mafungu matatu. Waliokaushwa sikio kwa pamba na pia kupewa dawa za kuua vijidudu pamoja na matone, usaha ulikatika kwa 51 katika 100. Waliokaushwa kwa pamba tu, ulikatika kwa 22. Na wasiopewa tiba maalumu, ulikatika kwa hao hao 22. Majibu haya, yaliyochapishwa mwaka 1996, yana mafunzo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba pamba peke yake, ambayo kwa urahisi wake ilipendekezwa sana kwa watu maskini, haikuzidi kutofanya kitu. Maskini naye anahitaji dawa. La pili ni kwamba hata kwa dawa karibu nusu hawakukauka, na matundu ya viwambo hayakuziba kwa tofauti ya maana baina ya mafungu, ingawa usikivu wa wale ambao usaha wao ulikatika ulikuwa bora kuliko wa wale ambao haukukatika. Kwa hiyo zahanati itawaponya wengi, na wengine watahitaji daktari wa kuziba kiwambo, na darasa lazima liwe tayari kwa wale watakaobaki kama walivyo.

Katika kuchagua matone yenyewe ipasa kuwa na hadhari. Matone yenye jentamaisini na jamii yake, yauzwayo kwa bei nafuu madukani, yakipita katika tundu la kiwambo yaweza kulidhuru sikio la ndani, na mtoto akatolewa katika hali inayotibika akaingizwa katika isiyotibika. Yale ya siprofloksasini hayana madhara hayo, na tofauti ya bei isimzuie mnunuzi wa dawa wa wilaya. Mafuta ya moto, maji ya majani na vijiti vya kuchokolea, ambavyo wazazi huvitumia kwa mapenzi, vinahitaji kukatazwa kliniki kwa upole na kwa kurudiarudia, siku ile ile mama aletapo mtoto kupimwa uzito.

Halmashauri iliyo na fedha ya jambo moja tu na ianze hapo: matone, pamba, mwanga wa kutazamia sikio, na siku chache za kumfundisha mganga wa zahanati. Iliyo na fedha ya mambo mawili na iongeze upimaji wa watoto wanaoanza darasa la kwanza, ufanywe na mtu yule yule mwenye matone, na wapimwe tena katika darasa la saba kabla ya Kiingereza kuwakuta. Mwalimu hahitaji kungoja fedha ya yeyote ili amsogeze mbele mtoto mwenye sikio linalotoka usaha, aseme akiwa amewaelekea watoto na si ubao, na aandike maagizo ya kazi mahali pa kuonekana. Vifaa vya kukuza sauti vije baada ya masikio kukauka, na visije kabla ya kupatikana mtu wa kuvitengeneza katika mkoa. Lakini mtoto aliye kiziwi kabisa asiwekwe katika foleni hii, wala haki yake isilinganishwe kwa bei na matone ya wenzake, kwa sababu umri wa lugha haumngoji. Muuguzi wa kliniki anayeona mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka anapoitwa, na asiyeanza hata kubwabwaja kama wenziwe, amwandike, ampe mama rufaa ya kupimwa, na amwelekeze siku ile ile kwa chama cha viziwi kilicho karibu, ili mama aanze kujifunza alama kabla mwanawe hajatimiza miaka mitatu.